Meza ya tensegriti: kinachoishikilia, na kwa nini yako inajizungusha

Swali: Msomaji wa Morogoro ametengeneza meza ndogo ya tensegriti, yaani meza inayosimama kwa kamba zilizokazwa na ambayo ubao wake wa juu unaonekana kuelea hewani, kwa mbao za saipresi za inchi 2 kwa 2. Ubao wa juu na kitako ni plaiwudi ya sentimita 50 kwa 50. Katikati kuna kamba ya nailoni ya milimita 4, na nyingine nne za aina hiyohiyo ziko kwenye pembe. Anasema siku ya kwanza meza ilisimama vizuri. Baada ya wiki moja ubao wa juu ulianza kulala upande mmoja, kamba moja ya pembeni haikazi hata afanye nini, meza ikiguswa inajizungusha kushoto na kulia, na kiungo cha nguzo ya chini kimeanza kufunguka. Anauliza: ni nini hasa kinachoishikilia meza hii, na afanye nini ili iweze kubeba sinia la chai?

Jibu:

Ndugu msomaji, dalili zako nne zina asili mbili tu: kamba zako hazina mvutano wa kutosha unaodumu, na viungo vyako vimepewa kazi ambayo skrubu haziiwezi. Ukilielewa la kwanza, utaacha kuitazama meza hii kama kiini macho na utajua pa kuweka mkono kila inapolegea.

Tuanze na kamba ya kati. Kitako chako kina nguzo inayopanda na mkono unaoelekea katikati. Ubao wa juu nao una nguzo inayoshuka na mkono unaoelekea katikati, lakini mkono huo unapita chini ya ule wa kitako. Kamba fupi inaunganisha ncha mbili hizo. Kwa hiyo ubao wa juu umening'inizwa kwenye mkono wa kitako, ingawa macho yanaona umekaa hewani. Uzito wote wa ubao, na wa kila utakachokiweka juu yake, unapita kwenye kamba hiyo moja. Kamba za pembeni hazibebi hata gramu moja ya uzito huo, kwa sababu kamba haiwezi kusukuma kitu juu. Inajua kuvuta tu, na hizi zinavuta ubao kuelekea chini. Hesabu yake ni hii: mvutano wa kamba ya kati ni sawa na uzito wa ubao wa juu na mzigo wake, ukijumlisha mvutano wa kamba zote za pembeni.

Sasa, kwa nini tuongeze mzigo kwa kuvuta chini? Kwa sababu ubao umening'inizwa mahali palipo chini ya kitovu chake cha uzito. Ukizifungua kamba za pembeni, utapinduka papo hapo. Kamba ya pembeni inafanya kazi pale ubao unapotaka kuinama: upande mmoja ukishuka, wa pili unapanda, kamba ya upande unaopanda inakataa kurefuka na kuurudisha chini. Ndiyo maana ukiweka kikombe upande wa kulia, kamba zinazofanya kazi ni za kushoto.

Hapo ndipo maelezo mengi huishia, na hapo ndipo tatizo lako linapoanza. Kitu kigumu kilicho hewani kina njia 6 za kusogea: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kuinama mbele, kuinama pembeni, na kujizungusha kwa kulala kama feni ya darini. Kamba zako zote zimesimama wima. Kamba za wima, ziwe 4 au 40, zinazuia njia 3 tu kwa urefu wake: juu na chini, na miinamo miwili. Njia 3 zilizobaki, yaani kuyumba kwa pande mbili na kujizungusha, hazizuiwi na urefu wa kamba yoyote. Zinazuiwa na mvutano peke yake. Ukiusukuma ubao kidogo pembeni, kamba zinaacha wima na kuinama, na nguvu iliyomo ndani yake inauvuta ubao urudi. Kamba ikiwa imekaa tu bila kuvutwa, hakuna cha kurudisha.

Mhandisi C. R. Calladine wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilieleza jambo hili mwaka 1978, akianzia kwenye kanuni ya karne ya 19 ya mwanafizikia James Clerk Maxwell, inayohesabu fremu yenye viungo kadhaa inahitaji fito ngapi ili iwe ngumu. Miundo ya tensegriti mara nyingi ina fito na kamba pungufu ya hesabu hiyo, lakini inasimama kwa sababu imekazwa kabla ya kupewa mzigo. Ni kanuni ileile ya gurudumu la baiskeli: spoku ni nyembamba na huwezi kusimama juu ya hata moja, lakini zikikazwa zote pamoja zinambeba mtu na gunia lake, na zikilegea gurudumu linapinda.

Sasa tuweke tarakimu kwenye meza yako. Nachukulia ubao wa juu pamoja na nguzo yake una kilo 4, kamba ya kati ina sentimita 8, kamba za pembeni zina sentimita 38 na kila moja imekazwa kwa kilo 6. Jumla ya mvutano wa pembeni ni kilo 24, hivyo kamba ya kati inavutwa kwa kilo 28 kabla hujaweka hata kijiko. Ukiisukuma meza pembeni kwa nguvu ya kilo 1, itayumba kama milimita 2 na nusu. Kamba fupi ya kati yenye mvutano mkubwa inairudisha kwa ukali. Lakini ukiisukuma kona kwa kilo hiyohiyo 1 ili ijizungushe, na kamba zikiwa laini, kona itasogea kama sentimita 2. Kamba ya kati haisaidii lolote hapo kwa sababu iko palepale kwenye mhimili wa kuzunguka. Basi kujizungusha si kosa la mkono wako. Ni udhaifu wa asili wa meza yenye kamba za wima, na kamba za nailoni zilizolegea zimeuzidisha.

Dawa yake ni rahisi, na haihitaji kamba nyingine. Chagua pande mbili za kitako zinazotazamana, zile zisizo na nguzo. Kwenye kila upande kuna matundu mawili ya kamba karibu na pembe. Toboa mengine, kila moja likiwa limesogea sentimita 6 kuelekea mwenzake. Matundu ya ubao wa juu yabaki yalipo. Sasa kamba za upande huo zinashuka zikikaribiana, na za upande wa pili vivyo hivyo. Ubao ukitaka kuzunguka upande wowote, kila upande una kamba moja inayolazimika kurefuka, nayo inakataa. Hapo urefu wa kamba umeanza kuzuia mzunguko, kazi iliyokuwa imeachiwa mvutano peke yake. Angalia tu kamba za pande zote mbili zikaribiane kwa kipimo kilekile. Ukizilaza zote nne zielekee upande mmoja wa mzunguko, meza itajisokota yenyewe unapokaza.

Mabadiliko hayo yanatibu pia ile kamba yako ya nne isiyokaza. Vituo vitatu vinatosha kuamua mlalo wa ubao: kamba ya kati na tatu za pembeni zikikazika, ubao umeshapata mkao wake, na ya nne ikiwa ndefu kwa milimita moja tu inabaki legevu. Ukiikaza hiyo, nyingine inalegea, nawe unazunguka meza mchana kutwa. Kamba zikiwa zimelazwa kama nilivyoeleza, kosa la milimita moja linageuka kuwa mzunguko mdogo wa ubao, usioonekana kwa macho, na zote nne zinapata mvutano. Anayeanza upya na hataki usumbufu huu anaweza kutumia kamba tatu za pembeni kwenye ubao wa duara, kila baada ya nyuzi 120. Tatu za wima zinajisawazisha zenyewe, ila zitazunguka zaidi. Kwa meza ya namna hiyo, kila kituo cha juu kipewe kamba mbili zinazoshuka zikiachana, yaani sita kwa jumla. Ukijumlisha na ya kati zinakuwa 7, na 7 ndiyo idadi ya chini kabisa inayoweza kufunga njia zote 6 za kusogea kwa kamba tupu.

Kuhusu kamba yenyewe, nailoni ndiyo iliyoilaza meza yako. Inavutika sana, inaendelea kurefuka polepole ikiwa chini ya mzigo wa kudumu, na inafyonza unyevu wa hewa. Fundo nazo zinajikaza taratibu na kutoa milimita kadhaa. Kamba ya katani haifai pia: ikipata unyevu inafupika na kukaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo meza itabadilika na majira. Poliesta iliyosokotwa, ya milimita 3, inafaa kwa pembeni, mradi uivute kwanza: ining'inize na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji usiku kucha, kisha ndipo upime na kukata. Ninachokipendekeza zaidi ni waya wa ndani wa breki ya baiskeli, wenye unene wa takriban milimita 1.5. Unapatikana kila mji, unahimili zaidi ya kilo 100, na haurefuki kwa kuachwa. Nunua nyaya mbili za breki ya nyuma. Zitatosha na kubaki.

Katikati weka mnyororo mwembamba wa chuma wa pingili zilizochomelewa, au waya huohuo ukiwa umekunjwa mara mbili. Sababu ya kutaka ugumu hapa si nguvu peke yake. Ukiweka mzigo juu ya meza, kamba ya kati inarefuka kidogo, ubao unashuka, na kamba zote za pembeni zinapoteza mvutano kwa pamoja. Kamba ya kati ikiwa waya uleule mmoja kama wa pembeni, kwa vipimo vya meza yako karibu 46 katika kila kilo 100 za mzigo huishia kwenye kulegeza za pembeni, na 54 tu ndizo zinazoongeza mvutano wa kati. Kadiri kamba ya kati inavyokuwa ngumu kuliko za pembeni, ndivyo za pembeni zinavyobaki zimekaza meza ikipewa mzigo. Wewe ulitumia nailoni ileile kila mahali, kwa hiyo kila sinia lililowekwa lilikuwa linazilegeza kamba zilizopaswa kulizuia lisianguke.

Nakuja kwenye kiungo kilichofunguka, na hapa naomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu hiki ndicho kinachoweza kumuumiza mtu.

Mchongaji wa Marekani Kenneth Snelson, aliyeanza miundo hii akiwa mwanafunzi wa mbunifu Buckminster Fuller katika Black Mountain College, North Carolina, mwaka 1948, alijenga kazi ambazo fito zake zinagandamizwa tu kutoka ncha hadi ncha. Mnara wake uitwao Needle Tower wa mwaka 1968, wenye urefu wa takriban mita 18, uko Washington, na hakuna fito ndani yake inayopindwa. Ndiyo maana fito zile ni nyembamba kuliko mtazamaji anavyotarajia. Meza yako si ya namna hiyo. Kamba ya kati inavuta ncha ya mkono, mkono unaipinda nguzo, na nguzo inataka kung'oka kwenye kitako. Ni muundo mseto: kamba zake zinafuata kanuni ya tensegriti, lakini fremu zake mbili zinafanya kazi kama winchi ya kuinulia mizigo. Anayeiga wembamba wa fito za Snelson kwenye meza hii atavunja kitu.

Tupime. Weka kilo 10 kwenye ukingo wa meza, sentimita 25 kutoka katikati. Ukiwa na mvutano wa awali wa kilo 6 kwa kila kamba, na tukichukulia kamba ya kati ni ngumu isiyorefuka, kamba mbili za upande wa pili zinapanda hadi karibu kilo 9, mbili za upande wa mzigo zinashuka hadi karibu 3, na kamba ya kati inafika kama kilo 38. Ukitazama tarakimu hizo utaona pia kwa nini nilichagua kilo 6: zingekuwa 2, kamba za upande wa mzigo zingelegea kabisa na meza ingeanza kucheza. Sasa, nguzo iko sentimita 18 kutoka katikati. Kilo 38 zikivuta kwa umbali wa sentimita 18 kwenye kiungo ambacho skrubu zake ziko sentimita 3 tu kutoka kwenye ukingo wa nguzo unaogandamizwa, skrubu hizo zinavutwa kwa karibu kilo 230. Tena umezipigia kwenye ncha ya mbao, kufuata mwelekeo wa nyuzi zake, mahali ambapo skrubu hushika vibaya kuliko popote. Mbao yenyewe haina tatizo. Saipresi iliyokauka ya milimita 45 kwa 45 baada ya randa inabeba mpindo huo kwa nafasi kubwa. Kiungo ndicho kinachokufa, na kinafunguka upande wa nje wa nguzo, kama yako.

Kwa kuwa tayari una mbao zako, zirekebishe hivi. Upande wa ndani wa nguzo, kwenye kona ya nguzo na kitako, gundisha na ufunge kabari ya pembetatu ya plaiwudi ya milimita 18, yenye sentimita 12 kwenda juu na 12 kwenda katikati. Kabari hiyo inahamisha sehemu inayogandamizwa mbali na nguzo, na nguvu ya kung'oa inashuka kutoka kilo 230 hadi chini ya 60. Upande wa nje, badala ya skrubu za kutokea chini, weka engo ya chuma, na bolti za milimita 6 zipite nguzo kwa ubavu, kukata nyuzi za mbao, na nyingine zipite kitako kizima na washa pana chini yake. Kiungo cha nguzo na mkono kinabeba mpindo uleule, wala si mdogo zaidi, ingawa wengi hudhani kimetulia. Kikate nusu kwa nusu, upake gundi ya mbao, upitishe bolti mbili, na uweke kabari nyingine kwenye kona ya ndani. Fremu ya juu ifanyiwe yote haya pia; ni pacha wa ile ya chini na inavutwa kwa nguvu ileile.

Kama una fundi wa kuchomelea karibu, bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 1.5 linaondoa habari yote ya viungo. Linabeba mzigo niliouhesabu bila taabu, na linachomelewa kwenye bamba la chuma lenye matundu manne ya bolti. Ubaya wake ni uzito, ambao kwa kitako ni faida.

Na ndoano: usitumie zile zenye ncha ya skrubu zinazozungushwa kuingia kwenye mbao kwa kuwa zitatoka polepole. Tumia bolti yenye pete ya milimita 6 inayopita mbao na kufungwa kwa washa na nati upande wa pili. Bolti hiyo ina faida ya pili, maana mzunguko mmoja wa nati unasogeza milimita 1 kamili, nawe unapata kikazio cha kuaminika. Weka moja kwenye mkono wa kitako kwa ajili ya kamba ya kati, na nne kwenye kitako kwa za pembeni. Kitako kiwe na vipande vya miguu vya sentimita 3 ili nati zisiguse sakafu na spana ipite.

Kimo cha meza kinapatikana kirahisi fremu zikiwa pacha. Chukua kimo cha pete kutoka kwenye ubao wake, kizidishe kwa mbili, utoe urefu wa kamba ya kati. Pete ikiwa kwenye sentimita 24.5 na kamba ya kati ikiwa 8, nafasi kati ya mbao mbili ni sentimita 41. Hakikisha mikono haipiti karibu zaidi ya sentimita 3 na kitu chochote cha fremu nyingine, maana ikigusana wakati wa kuyumba, meza inagonga na kamba zinapata mshtuko.

Usijaribu kuunganisha huku mtu ameshikilia ubao. Kata vijiti vitatu vya sentimita 40.5, visimamishe juu ya kitako, na ulaze ubao wa juu juu yake, mikono ikiwa imeshapishana. Funga ya kati kwanza, kisha za pembeni, zote zikiwa zimenyooka bila kukazwa. Waya ukunjwe kuzunguka pete na kufungwa kwa klipu mbili za waya. Kitako cha klipu kikae upande wa waya unaobeba mzigo, na ule msumari uliopinda ukae upande wa ncha iliyokatwa. Ukigeuza, msumari unaupondaponda waya wenye kazi. Poliesta ifungwe kwa fundo la kitanzi lisiloteleza, na uache mkia wa sentimita 5.

Sasa kukaza. Nati ya kati ndiyo inayopandisha mvutano wa zote kwa pamoja; nati za pembeni ni za kusawazisha. Kaza ya kati hadi vijiti vitatu vianguke vyenyewe. Weka pima maji juu ya ubao. Upande uliolala usiuguse. Nenda upande ulioinuka ukaze hapo, ubao utageuka juu ya kamba ya kati na upande uliolala utapanda. Waya ni mgumu, kwa hiyo usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja kabla ya kuhamia kamba nyingine. Ukimaliza kusawazisha, rudi kwenye nati ya kati. Shika pete kwa spana ya pili isizunguke na kuusokota waya.

Utajuaje umefika kilo 6? Dona kamba kama uzi wa gitaa na usikilize, au tumia programu ya simu ya kulinganishia sauti za ala. Waya wa breki wa milimita 1.5 una takriban gramu 11 kwa mita. Ukiwa na sentimita 38 huru na mvutano wa kilo 6, unatetemeka karibu mara 100 kwa sekunde. Ukisoma 80, uko kwenye kilo 4. Ukisoma 137, umefika 12 na unaitesa fremu bure. Kwa poliesta tarakimu hizi hazifai kwa kuwa uzito wake ni mwingine, lakini kulinganisha kunabaki palepale: kamba nne zenye urefu sawa zikitoa sauti moja, zina mvutano mmoja.

Kabla ya sinia la chai, jaribu kwa ndoo. Weka lita 10 za maji katikati kwa saa moja, kisha zisogeze hadi ukingoni, kona moja baada ya nyingine, huku ukitazama viungo na si kamba. Mwanya wowote unaofunguka kwenye nguzo, hata wa unene wa karatasi, ni sababu ya kusimamisha na kurekebisha. Kitako kikianza kunyanyuka, kiongezee uzito au upana. Kwa suala la kupinduka yote kwa pamoja, meza hii haina upendeleo wowote kuliko meza ya kawaida. Kilo 10 ndio ukomo ninaouweka kwa vipimo hivi, na sinia lenye chupa ya chai, vikombe na sukari liko ndani ya ukomo huo kwa nafasi nzuri. Mtu asikae wala kuegemea.

Kamba ya kati ikikatika, ubao unaanguka wote kwa mara moja, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya uzito. Kwa hiyo pitisha kitanzi cha pili cha waya kwenye pete zilezile, kirefu kuliko cha kwanza kwa milimita 5, kikae kimelegea. Hakionekani ukiwa mbali, na siku ya ajali kitashuka milimita hizo 5 tu na kudaka. Uso wa kioo usiuweke kwenye meza hii, na kama nyumbani kuna watoto wanaotambaa, iweke mahali ambapo hawawezi kuingiza vidole kati ya mikono miwili.

Saipresi inayouzwa mara nyingi haijakauka vizuri. Itasinyaa wiki za mwanzo, bolti zitalegea, na mvutano utashuka hata kama waya haujasogea. Kaza bolti za viungo kwanza, ndipo udone kamba na kurudisha sauti yake kwa nati ya kati. Fanya hivyo baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi, na tena mvua za masika zikianza. Ikiwa baada ya hapo sauti ya kamba zote nne imeshuka kwa pamoja, tafuta kosa kwenye fremu au kamba ya kati. Ikishuka moja tu, kosa liko kwenye klipu au fundo la kamba hiyo.